"I used to" si "nimezoea"

"Kwa nini uliacha?"

Mama aliyekuwa akinisaili aliniuliza hivyo kwa Kiingereza, kalamu yake ikisubiri juu ya karatasi, nami nikabaki kumtazama. Niache nini? Nilikuwa nimetoka kumwambia "I used to work at night", na moyoni nilimaanisha kazi za usiku nimezizoea, hazinisumbui. Nafasi yenyewe ilikuwa ya mapokezi ya hoteli, zamu ya usiku. Yeye alisikia kwamba zamani nilikuwa nikifanya kazi usiku, na sasa basi. Kazi sikuipata.

Nikamweleza dada yangu, mwalimu, akaniandikia sentensi mbili nyuma ya bahasha. "I used to work at night": nilikuwa nikifanya kazi usiku, jambo hilo limekwisha. "I am used to working at night": nimezoea, hata leo. Tofauti imebebwa na "am", na pia na mkia wa "working". Penye mazoea unaweza hata kuweka jina tupu, kama "I am used to the heat", nimelizoea joto.

Tangu siku hiyo huwa naanza na Kiswahili kichwani. Nikikuta "nilikuwa niki-", siweki "am". Nikikuta "nimezoea", naiweka. Na yule mgeni anayelalamikia joto la Dar es Salaam mwezi Februari, ukitaka kumwambia atazoea, ni "you will get used to it".

Kosa ninalolisikia zaidi linatokana na "hu-" yetu. Mtu anataka kusema "huenda kanisani kila Jumapili", anasema "I use to go to church every Sunday". Nami nililisema kwa miaka. Kiingereza cha zamani kiliruhusu matumizi hayo kwa wakati uliopo, lakini yalikufa. Siku hizi "I used to" ni ya wakati uliopita tu. Sema "I go to church every Sunday", inatosha kabisa, au ongeza "usually".

Sikiliza pia sauti. Katika "a knife is used to cut bread", kisu hutumika kukata mkate, utasikia "z": yuzd. Katika hizi zetu mbili ni "s", na "d" inamezwa: yuustu. Ndiyo maana wengi huandika "use to" bila "d". Bila "d" ni sahihi baada ya "did" tu: "Did you use to live here?"

Ukiwa kwenye usaili, usiseme "I'm" harakaharaka. Ile "m" ikipotea, umeshasema uliacha. Tamka "I am" yote, halafu ndipo uendelee.