Jibu: Shashi ya susu la Morisot inatoka kama chokaa

Habari ndugu. Nimekupata: unanakili lile Susu la mwaka 1872, mchoro wa Mfaransa Berthe Morisot wa mama akimtazama mtoto aliyelala kwenye susu, uso wa mama umekubali, ila shashi (kile kitambaa chepesi kinachofunika susu) inatoka nzito kama ukuta wa chokaa na mtoto kafichika kabisa.

Kwanza kagua nyeupe yako. Nahisi unaipaka kama ilivyotoka kwenye tyubu. Itazame picha kwa karibu: sehemu kubwa ya shashi ni kijivu, buluu hafifu na waridi, nyeupe safi ni michirizi tu kwenye mikunjo. Chora kwanza vya nyuma, yaani mtoto, mto na kivuli, uviache vikauke. Kisha pitisha rangi kidogo kwa brashi karibu kavu, wala usirudierudie. Hiyo ni kwa rangi za mafuta, akriliki sijazizoea.

Nguo ya mama iache iwe nzito, pamoja na ule utepe mweusi shingoni. Ukizipausha, shashi haitang'aa hata ufanyeje. Na mkono wake wa kushoto uliokunjwa usiusogeze, maana unajibizana na mkono wa mtoto. (Huyo ni Edma, dada yake Morisot, naye alikuwa mchoraji kabla ya kuolewa.)

Turubai yako ina ukubwa gani? Ile halisi, iliyoko jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris, ni sentimita 56 kwa 46 tu. Kama yako ni ya mita nzima, tafuta brashi pana zaidi.