Brussels kwenda Brugge na gari binafsi, siku moja inatosha?
Dada umeuliza kama siku moja inatosha kumpeleka mama Brugge, ule mji wa kale wa Ubelgiji, na gari ya kukodi yenye dereva, inatosha kabisa, kutoka Brussels ni kama kilomita 100 tu kwa barabara kuu ya E40, ila tokeni mapema maana foleni ya asubuhi ni balaa. Dereva awashushe upande wa stesheni, mtembee mpaka ziwa dogo la Minnewater taratibu. Boti za kwenye mifereji ni nusu saa hivi, pandeni kabla ya saa tano watu hawajajaa, hiyo ndo raha yenyewe ya Brugge. Mnara wa Belfort una ngazi 366 na hauna lifti, mama abaki chini apumzike. Ila sanamu ya Bikira Maria ya Michelangelo msiikose jamani, mi nilisimama pale mpaka machozi yakanilenga.