Maswali ya Wasomaji: Kilimo Hifadhi na Wazee Wasiotaka Kuacha Plau

SWALI: Sisi ni watu wa Kinango tunaofanya kazi hapa Mombasa, na tuna kikundi chetu cha kusaidia nyumbani. Mwaka jana tulimlipa mtaalamu akawafundisha wazazi wetu kilimo hifadhi kwa siku mbili. Walikula, wakapewa nauli, wakashukuru. Masika yalipoingia, plau za ng'ombe zilipita mashambani kama kawaida. Tufanye nini ili msimu ujao wakubali?
Msomaji, Changamwe

JIBU: Kabla ya kuwalaumu wazee, hesabuni mlichowaomba: kuacha plau na kupanda kwenye mashimo madogo yaliyochimbwa kwa mkono. Mashimo ya kupandia yakipangwa kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari na sentimita 60 kati ya shimo na shimo, ekari moja huwa na mashimo yapatayo 9,000, na yote huchimbwa kwa jembe la mkono katika jua la Januari na Februari, wakati udongo umekauka. Mzee ambaye jirani yake humlimia kwa plau na kummalizia shamba mapema hataiacha kwa sababu ya maelezo ya siku mbili, hata yawe matamu kiasi gani.

Kwa wasomaji ambao jambo hili ni geni kwao, kilimo hifadhi kina masharti matatu: udongo usitifuliwe ila pale mbegu inapoingia, ardhi ibaki imefunikwa kwa mabua, majani au mimea hai (Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, linataka angalau asilimia 30 ya uso wa shamba ifunikwe), kisha mazao yabadilishwe au yachanganywe, kama mahindi na kunde. Kusini mwa Afrika mmoja wa waliokieneza sana ni Brian Oldrieve, mkulima wa Zimbabwe aliyeacha kulima kwa plau katika miaka ya 1980 akiwa msimamizi wa shamba kubwa, kisha akaifanya kazi ya kuwafundisha wakulima wadogo kuwa shughuli ya maisha yake. Njia za aina hiyo ndizo serikali ya Zimbabwe ilizozieneza nchi nzima mwaka 2020 kwa jina la Pfumvudza.

Linalonivutia katika Pfumvudza ni udogo wa kipande cha shamba. Mkulima haambiwi aache plau katika ekari zake zote; hupimiwa mita 39 kwa 16, ambazo ni chini ya sehemu ya sita ya ekari, zenye mistari 52 na mashimo 28 katika kila mstari, jumla mashimo 1,456, kwa hesabu kwamba mstari mmoja ulishe familia kwa wiki moja. Kazi ya kiasi hicho mama na watoto wake wanaweza kuimaliza kidogo kidogo kabla ya mvua, na mambo yakiharibika, sehemu kubwa ya shamba bado imelimwa kama zamani. Anzeni na kipimo cha namna hiyo, tena kwa familia chache zilizojitolea zenyewe, na mchague watu ambao majirani huwatazama wanapopanda, hata kama si wao wanaozungumza zaidi mikutanoni.

Kipande hicho kiwe ubavuni mwa shamba lililolimwa kwa plau, mbegu iwe ile ile, na samadi iwe kiasi kile kile pande zote mbili. Nasisitiza hili la samadi kwa sababu miradi mingi hutia mbolea upande wa mashimo tu, kisha mavuno yakizidi sifa hupewa mashimo. Mkulima si mjinga, huona kwamba alichofundishwa ni mbolea, na mradi ukiondoka na mbolea yake naye hurudi kwenye plau. Wakati wa kuvuna, pande zote zipimwe kwa debe lile lile, na mwenye shamba apime mwenyewe.

Ziara za kijiji zisingoje mavuno. Wiki inayofundisha kuliko nyingine ni ile mvua inapokatika katikati ya masika, mahindi ya upande mmoja yakaanza kukunja majani mchana na ya upande wa pili yakachelewa kukunja. Waiteni watu siku hizo, wafukue udongo kwa mikono yao na kuona unyevu uko kina gani. Huu ndio mtindo wa shamba darasa, ambao FAO iliuanzisha kwa wakulima wa mpunga nchini Indonesia mwaka 1989: kikundi kidogo hukutana shambani kwa ukawaida msimu mzima, hutazama, hubishana na kuamua, na mwalimu huuliza zaidi ya anavyohubiri. Posho msitoe. Mkutano wenye posho hujaa watu waliofuata posho, na mnabaki bila kujua nani alivutiwa na kilimo.

Kuna jambo moja ambalo wataalamu kutoka mbali hulisahau wanapofika Pwani. Mashimo haya hutumika mwaka baada ya mwaka, na faida ya udongo huonekana baada ya misimu kadhaa. Sasa mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja, au anayeishi kama skwota kwenye ardhi ambayo hati yake iko kwa mtu mwingine, atarutubisha udongo kwa ajili ya nani? Ulizeni kwanza nani ana uhakika wa kubaki, na wasio na uhakika huo msiwaite wavivu.

SWALI: Tuliambiwa tuache mabua shambani yawe matandazo. Huku kwetu Ganze mbuzi wa kijiji huingia mashambani baada ya mavuno na kuyamaliza, na yanayosalia huliwa na mchwa. Je, matandazo yanawezekana kweli?
Mama mkulima, sasa Kisauni

JIBU: Swali lako wameliuliza hata wanasayansi. Mwaka 2009 Ken Giller wa Chuo Kikuu cha Wageningen, Uholanzi, na wenzake walichapisha makala iliyosema waziwazi kwamba mkulima mdogo wa Afrika mara nyingi hana mabua ya kutosha, kwa kuwa mifugo inayahitaji pia. Kwa hiyo mama, kama ni lazima uchague, mifugo isife njaa. Anza na kipande kilicho karibu na nyumba, kinachoweza kuzungushiwa miba, na ufunike kwa vitu ambavyo mbuzi havitaki sana: makuti makavu, majani ya mkorosho, magugu yaliyong'olewa kabla ya kutoa mbegu. Mbaazi zikipandwa kati ya mahindi hubaki zimesimama baada ya mahindi kuvunwa na kuutia udongo kivuli, ingawa nazo zinahitaji ulinzi. Mkitaka zaidi ya hapo, ni suala la baraza: desturi ya kuachilia mifugo baada ya mavuno ni ya kijiji kizima, na mkulima mmoja hawezi kuivunja peke yake bila kugombana na jamaa zake.

Mchwa wasikuogopeshe sana. Hupenda zaidi vitu vikavu, na penye mabua chini mara nyingi huyashughulikia hayo kabla ya kugusa mahindi mabichi, na vijia vyao husaidia maji kuzama.

SWALI: Mwalimu wetu alisema bila dawa ya kuua magugu, kilimo hiki hakiendi. Ni kweli?
Kijana, Likoni

JIBU: Kinakwenda, ila palizi huongezeka, hasa katika misimu miwili ya kwanza, kwa kuwa plau ilikuwa ikifukia magugu na sasa haipo. Katika nyumba nyingi palizi ni kazi ya wanawake, na mwalimu anayewaambia wanaume kwamba kilimo hiki kinapunguza kazi hawaelezi kazi hiyo imehamia kwa nani. Paruzeni juu juu kwa jembe magugu yakiwa madogo, tena mara kwa mara, na palizi moja ifanyike baada ya mavuno, wakati ambao watu wengi hulisahau shamba na magugu hupata nafasi ya kumwaga mbegu. Kama mtaamua kutumia dawa, mwoneni afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kwenda dukani, na msinunue ile inayopimwa rejareja kwenye chupa za soda.