Gari limezeeka: tutengeneze au tuuze?

SWALI: Fundi, gari letu la familia lina miaka 17. Sasa gia boksi inateleza. Mume wangu anasema tuuze, mimi naona bado linafaa. Tufanyeje?

JIBU: Dada yangu, gia boksi isubiri kwanza. Liinueni gari, mchukue bisibisi, mgongegonge chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba gari, hasa karibu na springi za nyuma. Ikilia kavu, vizuri. Bisibisi ikizama na unga wa kutu ukamwagika, uzeni. Injini hubadilishwa, lakini chesisi iliyooza kuichomelea viraka ni kujidanganya.

Chesisi ikiwa nzima, fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Zikikaribiana na kufikia kiwango cha mtengenezaji, injini bado nzima.

Sasa turudi kwenye gia boksi. Kagueni oili yake. Huenda imepungua tu. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, kubadilisha oili peke yake hakutoshi.

Na mkipiga hesabu, tairi, betri na brekipedi msiziweke kwenye makosa ya gari hili. Hata mtakalonunua litazidai, tena hilo la mkononi lina maradhi ambayo muuzaji hatawaambia.