Barua kwa Mwanangu: Msalaba na Mti wa Kunyongea

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka kwangu na kwa baba yako, sote hatujambo. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, kwa sababu ulichouliza hakijibiki kwa haraka. Umeeleza kwamba katika kikundi cha kujifunza Biblia huko Chicago, kwenye kanisa la Wamarekani weusi, mchungaji alifundisha kwamba wokovu ni pamoja na Mungu kuwafungua walioonewa hapa hapa duniani. Kisha mama mmoja ambaye mwanawe aliuawa kwa risasi akasimama na kusema kwamba hataki tena kuambiwa kuwa kifo cha mtoto wake kilikuwa na kusudi. Nawe ukaniuliza: ikiwa mateso ya Kristo yametuokoa, kwa nini tusiseme kwamba mateso ya watu hawa nayo yana kazi ya kuokoa?

Nadhani mama yule ana haki, na teolojia mnayoisoma, ile inayoitwa teolojia ya Weusi, ikisomwa vizuri, iko upande wake.

Kumbuka kwanza watumwa walihubiriwa nini. Mwaka 1807 ilichapwa London Biblia ya kuwafundishia watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza, na ndani yake habari za Waisraeli kutoka Misri ziliondolewa. Walioziondoa walijua wanachokifanya: walikuwa wasomaji wazuri kuliko wanavyosifiwa. Howard Thurman, mwanateolojia aliyekulia Florida, alieleza kwamba bibi yake, Nancy Ambrose, aliyezaliwa utumwani na ambaye hakujua kusoma, alikuwa akimwomba mjukuu amsomee Biblia, lakini hakutaka kusomewa nyaraka za Paulo, isipokuwa mara moja moja ile sura ya upendo katika Wakorintho wa Kwanza. Thurman alipokuwa mtu mzima alimuuliza sababu. Bibi akamjibu kwamba mhubiri wa bwana wao alikuwa akiwahubiria kutoka kwa Paulo, daima lile la watumwa kuwatii mabwana zao, naye akaapa kwamba akijaliwa kujua kusoma na kupata uhuru, sehemu ile hataisoma. Mwanamke huyo alikuwa amekwisha kupambanua, bila chuo chochote, kati ya Mungu na maneno yaliyosemwa kwa jina la Mungu ili yeye aendelee kuchapwa.

James Cone, mwanateolojia mweusi ambaye kikundi chenu kimeanza naye, alizaliwa Arkansas mwaka 1938, na kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1969, mwaka mmoja baada ya Martin Luther King kuuawa. Aliposema kwamba Kristo ni mweusi, alikuwa anasema mahali Kristo alipo: Mungu aliyemwambia Musa, "Hakika nimeyaona mateso ya watu wangu", hawezi kuonekana Marekani akiwa amesimama kwingine isipokuwa pamoja na wanaoonewa. Wengi walimkasirikia kwa ukali wa maneno yake, na kwa kweli kurasa kadhaa za ujana wake zimeandikwa na mtu ambaye hajalala. Lakini fikra iliyomchukua miaka mingi zaidi ni ile iliyozaa kitabu chake cha mwaka 2011, ambamo aliuweka msalaba kando ya mti waliotundikwa watu weusi na umati wa watu bila hukumu yoyote. Aliwashangaa wanateolojia wakubwa wa kizungu, hasa Reinhold Niebuhr aliyefundisha seminari ile ile ya Union, New York, ambayo Cone mwenyewe alikuja kuifundishia: waliandika kuhusu msalaba maisha yao yote, huku watu wakinyongwa katika nchi yao, wasione kwamba mambo hayo mawili yanafanana.

Mfano wake mkubwa umetoka katika mji unaoishi. Emmett Till alikuwa mtoto wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyekwenda Mississippi kutembelea ndugu zake mwezi Agosti 1955. Wanaume wa kizungu walimchukua usiku, wakamtesa, wakamuua na kumtupa mtoni, akiwa amefungwa feni ya chuma ya mashine ya pamba kwa waya wa miba. Mama yake, Mamie, alikataa jeneza kufunikwa. Alitaka dunia ione walichomfanyia mwanawe, na maelfu kwa maelfu walipita mbele ya mwili ule. Wauaji waliachiwa huru na baraza la mahakama lililokuwa na wazungu peke yao, kisha wakakiri gazetini baada ya miezi michache. Sasa niambie, mwanangu, ni kitu gani hapo kilichookoa? Kupigwa kwa mtoto hakukuokoa chochote. Kama kuna tendo la wokovu katika habari hiyo, ni la mama aliyekataa uovu ufunikwe. Ndivyo ninavyousoma ufufuo pia: Mungu alikataa hukumu ya Pilato.

Hata hivyo usiishie kwa Cone, kwa kuwa aliyemkosoa kwa uzito zaidi alikuwa mwanamke, mwanateolojia mweusi Delores Williams, katika kitabu chake cha mwaka 1993. Aliona kwamba wanawake weusi wa Marekani walilazimishwa tangu utumwani kuwa mbadala wa wengine: kuwanyonyesha watoto wa mabwana zao, kulima kama wanaume, kuzaa kwa matakwa ya bwana. Basi wakihubiriwa Yesu aliyeteswa badala ya wengine, wanafundishwa kuiona hali yao kuwa takatifu. Kwake yeye, Yesu aliishinda dhambi kwa maisha yake, alipoponya na alipomshinda mjaribu jangwani, na hakuna la kimungu katika damu iliyomwagwa. Alimtazama Hajiri, mjakazi mjamzito aliyekimbia, na malaika akamwambia arudi akanyenyekee. Aya hiyo ni ngumu, na Williams hakuilainisha. Mungu hakumkomboa Hajiri siku ile. Alimpa njia ya kuishi, naye Hajiri akamwita Mungu "uonaye mimi". Baadaye, alipofukuzwa na mkate na kiriba cha maji, alionyeshwa kisima.

Niliposoma hayo niliwakumbuka wanawake wa umoja wetu wa kanisani. Nimemsikia mzee wa kanisa akimwambia mwanamke mwenye mkono uliovimba kwa kipigo cha mumewe kwamba abebe msalaba wake. Yesu alisema kila mtu ajitwike msalaba wake. Hakumpa mzee yeyote ruhusa ya kumtwika mwenzake. King alipofundisha kwamba mateso yasiyostahili hukomboa, alikuwa amechagua mwenyewe kuandamana na kufungwa jela, na hata hapo ni lazima tuulize ni nani wengine waliogharimika. Cone naye, katika kitabu kile cha 2011, alikubaliana na Williams kwamba mateso yenyewe hayana ukombozi ndani yake, ila hakukubali kuuacha msalaba, kwa sababu mababu zake waliona pale kwamba Mungu anawajua. Mimi niko naye, kwa shida kidogo.

John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliandika mwaka 1974 kwamba teolojia ya Weusi imezaliwa na uchungu wa Marekani, wakati teolojia ya Afrika imezaliwa na furaha ya kuipokea imani. Juu ya chanzo chake alisema kweli. Lakini kanisa kuu la Waanglikana la Zanzibar limejengwa palipokuwa soko la watumwa, kwa hiyo sidhani kama sisi wa pwani tunaweza kuliweka mbali swali hili.

Yule mama mtembelee. Usimpelekee maelezo ya aina yoyote. Muulize habari za mwanawe, na kama kuna kesi, nenda naye mahakamani. Kuhusu nyimbo za damu ya Yesu, ambazo umesema siku hizi zinakukwama, mimi bado naziimba. Wewe ukishindwa ubeti mmoja, nyamaza, uingie kwenye unaofuata. Na mkimaliza Cone wa 1969, waombe wenzako msome Williams kabla ya kile cha 2011, kwa kuwa ndani ya hicho cha 2011 kuna sura nzima juu ya wanawake weusi, na sehemu yake inamjibu Williams.

Wako akupendaye,
Mama