Askari mlinzi na mwanamke aliyenusurika: taharuki iko wapi hasa?

Mleta mada, umesema unaandika riwaya ya mwanamke mweusi aliyemkimbia mume anayempiga, akapendana na askari mzungu anayeshughulikia kesi yake, na wasomaji wako wa kwanza wanalalamika kwamba huyo askari ama ni malaika au anatisha. Nakujibu kama mtu aliyetoka kwenye ndoa ya kipigo, na ambaye baadaye alipendana na mwanaume wa rangi nyingine (si askari, ana woga wa hata kuku). Riwaya za aina hii nazisoma tangu zamani, nzuri na mbovu.

Anatisha kwa sababu anaamua kila kitu. Nimesoma sura uliyobandika: anabadilisha vitasa bila kumuuliza, anamfuata kazini kwa gari, anapekua simu yake "kwa usalama wake". Mwanamke aliyewahi kuishi hivyo hasomi hapo mapenzi, anamwona mume wa kwanza aliyevaa sare. Mwaka 1984, wanaharakati wa mji wa Duluth kule Marekani walichora gurudumu la mamlaka na udhibiti, yaani mchoro wa njia ambazo mwanaume humtawala mwenzi wake, kutokana na simulizi za wanawake waliopigwa. Kipigo wamekiweka ukingoni tu. Ndani yake mna vitisho, kubaniwa fedha, kutengwa na ndugu, kufuatiliwa. Pitia kila tendo la shujaa wako ukilipima kwa gurudumu hilo. Vitasa abadilishe, sawa, ila mwanamke ndiye aombe, na funguo zote abaki nazo mwanamke.

Taharuki nayo umeimalizia mapema mno. Kwako hatari inaisha mwanamke akishafunga mlango na kuondoka, kumbe wakati wa kuondoka na siku zinazofuata ndipo wengi huuawa. Askari aliyenihoji mimi alilijua hilo. Nilikwenda kueleza habari za mkono uliovimba, yeye akaniuliza kama nimewahi kukabwa shingo. Nikajibu, "Mara moja moja tu," kama vile naulizwa kuhusu mafua. Akaendelea: sauti ilikwama? Kumeza kuliuma? Ana bunduki? Amewahi kusema ataniua? Baadaye nikagundua maswali yale yanafanana sana na dodoso alilolitunga Jacquelyn Campbell, muuguzi na mtafiti wa Marekani, katika miaka ya 1980 ili kupima hatari ya mwanamke kuuawa na mwenzi wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 huko huko Marekani ulionyesha kwamba aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano wa kuuawa naye unaokaribia mara saba na nusu ya asiyekabwa. Mpe askari wako maswali hayo, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kawaida. Msomaji atatetemeka bila kuona hata risasi moja.

Na hapo ndipo rangi inapoingia yenyewe, bila hotuba. Kukabwa mara nyingi hakuachi alama yoyote, na michubuko kwenye ngozi nyeusi ni vigumu kuiona, hasa kwa jicho lisilozoea. Askari wa zamu anaandika "hakuna jeraha linaloonekana" na jalada linalala. Shujaa wako aijue kasoro hiyo, au aijifunze kwa aibu mbele ya mwanamke mwenyewe. Kusitasita kwa mwanamke kupiga simu polisi nako kuwe na sababu mbili: anamwogopa mume, na anawaogopa watakaokuja.

Hujasema mume ni wa rangi gani. Akiwa mweusi, na mwanaume mwema pekee katika kitabu kizima ni mzungu, umeshaandika hadithi ambayo wema una rangi, hata kama hukukusudia. Mpe mwanamke kaka anayemsindikiza mahakamani, au jirani mzee anayemfungulia mlango usiku. Huko nyuma alipotoka kulikuwa na watu.

Jambo la kazi: askari mwenye kesi hawezi kuwa na uhusiano na mlalamikaji. Uingereza, polisi kutumia cheo chake kupata mapenzi kutoka kwa mtu aliyekutana naye kikazi huhesabiwa kuwa ufisadi mkubwa. Wakili wa mume akijua, ushahidi wote unatiwa doa. Wewe umelikwepa hili kwa sentensi moja, na mimi naliona ndilo moyo wa riwaya yako. Akabidhi jalada kwa mwingine kabla hajamgusa hata mkono, na huyo mwingine awe mzembe. Sasa ulinzi na mapenzi vinagombana kweli.

Kuhusu mapenzi yenyewe, punguza machozi kifuani pa mwanaume. Kilichonisumbua mimi kwa mwenzangu ni utulivu wake. Nilikuwa nangoja hasira ije, na isipokuja naichokoza: nachelewa makusudi, naunguza chakula, nasema neno baya juu ya mama yake. Alikasirika mara moja, akasema amekasirika, akaenda kuosha vyombo. Nililala usingizi mzito usiku ule. Sijaona bado kitabu chenye ukurasa kama huo.

Mwisho wako, askari kumpiga risasi mume, ufute. Mwanamke akae kwenye kizimba cha mashahidi aeleze mwenyewe, askari akiwa nje ya ukumbi kwa sababu haruhusiwi kusikia kabla ya zamu yake ya ushahidi. Ukiiandika upya sura ile ya vitasa ibandike, nitaisoma.