Muulize Fundi: Pistoni mpya inagonga asubuhi

SWALI: Jambo Papa Fundi. Nimebadilisha pistoni ya moto (pikipiki) yangu. Asubuhi inagonga ko-ko-ko, nikifika Virunga imenyamaza. Fundi anasema pistoni ni ndogo, tutie kubwa zaidi. Nikubali?
– Motari, Birere, Goma

JIBU: Usikubali bado, mdogo wangu. Kelele inayokufa moto ikipata joto si ya kukutoa mbio. Pistoni yako ni ya aluminiamu, na silinda za moto nyingi hapa zina ukuta wa chuma cha kusubu. Aluminiamu hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Pistoni ya milimita 56 ikipanda nyuzi 100 huongezeka upana takriban milimita 0.12, kwa hiyo lazima ikae na nafasi ikiwa baridi. Ukitia kubwa bila kuchonga silinda iwe pana, itakwama ukipanda mlima na abiria wawili.

Tena pistoni si duara kamili, ingawa jicho halioni. Kichwa ni chembamba kuliko sketi (sehemu yake ya chini) kwa sababu ndicho kinachopata joto kali na kutanuka zaidi, na upande wa pini (inayoishika pistoni na mkono wake) umepunguzwa kwa kuwa nyama ya pale ni nene. Ndiyo maana mtu akikupimia kichwani anakudanganya. Apime chini kwenye sketi, upande unaokata pini kwa pembe mraba.

Atazame pia mshale ulio juu ya pistoni: mara nyingi huelekea ekzosi. Pini huwekwa pembeni kidogo ya katikati, na pistoni ikigeuzwa hugonga.

Ukiona moshi wa buluu, nirudie. Na filta ya hewa uisafishe, vumbi la lava linakula ringi.